Najua hesabu, lakini saa ya DAT inanishinda

Shikamoo mshauri,

Najiandaa kwa DAT, mtihani wa kujiunga na vyuo vya udaktari wa meno vya Marekani, na zimebaki wiki nane. Biolojia na kemia zinakwenda vizuri. Kinachoninyima usingizi ni sehemu ya hisabati.

Si kwamba hesabu sizijui. Kalkulasi nimeisoma na nikafaulu, na nikikaa na swali bila kutazama saa, mara nyingi napata jibu. Taabu inaanza ninapopima muda. Maswali 40 kwa dakika 45 siyamalizi. Muda unaisha nikiwa na maswali tisa au kumi ambayo hata sijayasoma. Nikiharakisha, nakosa hata yale mepesi. Maswali ya maelezo nayasoma mara mbili tatu kabla ya kuandika chochote. Yale ya kulinganisha thamani mbili, na yale yanayouliza kama taarifa zinatosha, yananichanganya kabisa: nakokotoa mpaka mwisho, halafu nachagua jibu ambalo si lenyewe.

Nasoma kitabu cha zamani nilichopewa na aliyenitangulia. Kina sura ndefu za jiometri na trigonometria, nami nimezimaliza zote, ila alama hazipandi. Kikokotoo cha kwenye skrini nakitumia karibu kila swali kwa sababu naogopa kukosea.

Naomba unielekeze: nisome nini na niache nini? Dakika 45 nizigawe vipi? Na je, niahirishe tarehe?

Saa Inanishinda

*

Marahaba mdogo wangu,

Hesabu unazo. Unachopungukiwa ni uamuzi: usome mada ipi, swali lipi ulimalize sasa na lipi lisubiri, na ukishaanza kukokotoa uishie wapi. Wiki nane zinatosha kuujenga. Tuanze na kitabu chako, maana hapo ndipo saa nyingi zimepotelea.

Zile sura za trigonometria zifunge leo. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, ADA, ambacho ndicho kinachoendesha DAT, kilibadilisha mada za hisabati mwaka 2015. Trigonometria, jiometri na ubadilishaji wa vipimo viliondolewa kama mada zinazojitegemea. Badala yake yakaingia maswali ya kulinganisha thamani, ya utoshelevu wa taarifa, na ya kuchambua majedwali na grafu. Kumbe hayo yanayokuchanganya ndiyo ambayo kitabu chako hakiyajui. Mada za kushika ni aljebra (milinganyo, alama za kubwa kuliko na ndogo kuliko, vipeo, thamani kamili, uwiano, grafu za mistari), uwezekano na takwimu, uchambuzi wa data, kulinganisha, utoshelevu, na maswali ya maelezo. Katika jiometri bakiza eneo la mstatili na la duara pamoja na kanuni ya Pythagoras, kwa kuwa vitu hivyo vinaweza kujificha ndani ya swali la maelezo. Saa moja ya marudio inavitosha. Kalkulasi haimo kabisa.

Pakua mwongozo wa mtahiniwa wa mwaka huu kutoka ADA ukague orodha ya mada kwa macho yako. Na kama kitabu kinakupa alama kwa kipimo cha 1 hadi 30, jua kwamba tangu Machi 2025 matokeo hutolewa kwa kipimo cha 200 hadi 600. Usijipime kwa jedwali la zamani. Hesabu tu umepata mangapi kati ya 40.

Wapo watakaokuambia hisabati haina uzito. Usiwasikilize. Wastani wa masomo unaoandikwa kwenye matokeo yako hutokana na alama tano: biolojia, kemia ya jumla, kemia ogania, usomaji na hisabati. Kwa hiyo hisabati ina uzito uleule wa biolojia, na mada zake ni chache zaidi na zina mwisho. Saa moja unayoiweka huku inaweza kukulipa kuliko saa ya kumi ya kukariri homoni.

Kugawa dakika 45

Dakika 45 ni sekunde 2,700. Ukigawa kwa maswali 40 unapata sekunde 67 na nusu kwa kila swali, na wengi huishika namba hiyo kana kwamba kila swali linastahili muda huohuo. Haliko hivyo. Lipo swali la sekunde 20, lipo la dakika mbili na nusu, na jibu sahihi la moja huhesabika sawa na la jingine. Ukitumia dakika tatu kwa swali la 6, umeyanyima muda maswali mawili au matatu mepesi yaliyokaa nambari 34, 37 na 40, ambayo kwa mwendo wako wa sasa huyafikii kabisa. Hapo ndipo alama zako zinapokwama.

Fanya raundi mbili. Ya kwanza ipite maswali yote 40 kwa dakika 32. Saa ya skrini huonyesha muda uliobaki, basi kariri alama nne za njiani: ukimaliza swali la 10 ziwe zimebaki dakika 37, la 20 dakika 29, la 30 dakika 21, la 40 dakika 13. Usitazame saa katikati ya alama hizo. Kutazama kila swali kunakula muda na kunaongeza hofu.

Ndani ya raundi hiyo una sheria mbili tu. Kama sekunde 15 za kwanza zimepita na hujaona hatua ya kuanzia, chagua jibu lolote, weka alama ya kurudia, endelea. Kama umeshaanza na sekunde 75 zimepita bila jibu kukaribia, fanya vilevile. Usiache swali tupu hata moja, kwa sababu jibu baya halikatwi alama. Na kibao cha kuandikia kigawe kwa mistari, kila hesabu na nambari ya swali lake, ili ukirudi uikute kazi yako mahali pake, si namba zilizotapakaa.

Dakika 13 za mwisho ni za maswali uliyoyawekea alama. Anza na yale uliyokuwa umeona njia ila yakachelewa. Yasiyokuwa na njia yawe mwisho. Ukikuta umeweka alama zaidi ya kumi, ujue ulikuwa mwoga mno katika raundi ya kwanza, na hilo lirekebishe kwenye zoezi linalofuata.

Kwa mtu anayezijua hesabu, kuacha swali ndilo jambo gumu kuliko yote, kwa sababu unajua ungelipata. Lifanyie mazoezi kama ustadi mwingine wowote: maswali 10 kwa dakika 8, na ujilazimishe kuacha angalau mawili kabla ya kuyarudia. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili na mkono utazoea.

Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja, na ninashuku linakuhusu. Hisabati huja mwisho wa mtihani. Kabla yake kuna sayansi dakika 90, sehemu ya uwezo wa kutambua maumbo dakika 60, pumziko la hiari la dakika 30, kisha usomaji dakika 60. Unaifikia hisabati ukiwa umeshajibu maswali kwa saa tatu na nusu. Zoezi la asubuhi, ukiwa umeamka vizuri, halikuonyeshi utakavyokuwa siku hiyo. Mara mbili kwa wiki fanya kwanza zoezi zima la usomaji la dakika 60, halafu papo hapo, bila kusimama, fanya hisabati ya dakika 45. Alama zitashuka mwanzoni. Hizo ndizo alama zako za kweli, na ndizo za kupandisha.

Maswali ya maelezo

Unayasoma mara tatu kwa sababu unasafiri na maneno bila kujua unatafuta nini. Anza na sentensi ya mwisho, ambamo swali lenyewe hukaa. Andika kinachotafutwa pamoja na kipimo chake: "maji, ml" au "muda, saa". Ndipo urudi mwanzo, na kila namba unayokutana nayo iingie kwenye mlinganyo au kijedwali palepale. Kabla ya kukokotoa, jiulize jibu haliwezi kuwa chini ya ngapi wala kuzidi ngapi. Makadirio hayo ya sekunde tano huokoa maswali mengi kuliko uhakiki wa mwishoni.

Chukua mashine mbili: ya kwanza humaliza kazi kwa saa 6, ya pili kwa saa 4. Zikifanya pamoja zitatumia muda gani? Anayeharakisha hutafuta wastani na kusema saa 5. Lakini ya pili peke yake humaliza kwa saa 4, kwa hiyo pamoja haziwezi kufika 4. Jumlisha kasi, usijumlishe muda: 1/6 + 1/4 = 5/12 ya kazi kwa saa, na muda ni 12/5, yaani saa 2 na dakika 24.

Mchanganyiko: una ml 30 za myeyusho wa asilimia 20, uongeze maji kiasi gani ushuke hadi asilimia 12? Shika kile kisichobadilika. Kilichoyeyushwa ni ml 6 kabla na baada. Ujazo mpya ni 6 ÷ 0.12 = 50, kwa hiyo maji ni ml 20. Karibu kila swali la mchanganyiko hufunguka ukiuliza "nini hakijabadilika?"

Kasi ya wastani ina mtego wake. Kwenda maili 60 kwa saa na kurudi maili 40 kwa saa hakukupi 50. Weka umbali wowote unaogawanyika vizuri, tuseme maili 120: kwenda saa 2, kurudi saa 3, jumla maili 240 kwa saa 5, sawa na 48. Mtu hutumia muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa polepole, na ndiyo sababu wastani huvutwa chini.

Asilimia nazo zinakosesha kwa njia mbili. Bei ikipanda asilimia 20 kisha ikashuka asilimia 20, hairudi ilipokuwa: 1.2 × 0.8 = 0.96, imepungua asilimia 4. Na kama bei baada ya punguzo la asilimia 25 ni 90, bei ya awali ni 90 ÷ 0.75 = 120. Ukiongeza asilimia 25 juu ya 90 utapata 112.5, na usishangae ukiikuta kati ya majibu. Watunga maswali huweka majibu yanayotokana na makosa ya kawaida. Kuliona jibu lako kwenye orodha si ushahidi kwamba ni sahihi.

Pale swali linapojaa herufi bila namba, weka namba zako: 100 kwa asilimia, kigawe kidogo cha shirika kwa kazi na kasi. Pale majibu yanapokuwa namba tupu zilizopangwa kwa ukubwa, jaribu la katikati kwanza. Likizidi, umeondoa na yote yaliyo juu yake.

Kulinganisha thamani mbili

Hapa unapewa safu A na safu B, nawe unasema ipi kubwa, au ziko sawa, au haijulikani. Kosa lako ni kukokotoa hadi mwisho. Swali halikuombi thamani, linaomba uhusiano. Mara nyingi njia fupi ni kutoa kitu kilekile pande zote mbili. Mfano, x ni kubwa kuliko 0. Safu A ni (x + 3)², safu B ni x² + 9. Fungua A upate x² + 6x + 9, ondoa x² + 9 kila upande, unabaki na 6x dhidi ya 0. Kwa kuwa x ni chanya, A ni kubwa. Ukiondoa sharti la x kuwa chanya, jibu linakuwa "haijulikani". Sharti dogo lililoandikwa juu ya safu ndilo linaloamua, na ndilo linalorukwa na anayekimbia.

Kujumlisha na kutoa pande zote mbili ni salama daima. Kuzidisha au kugawanya kwa herufi usiyojua kama ni chanya au hasi si salama, kwa sababu namba hasi hugeuza uhusiano. Kupandisha kipeo cha pili pande zote kuna hatari hiyohiyo.

Ukiwa na herufi isiyo na sharti, pitisha namba tano kwa mpangilio uleule kila mara: 2, 1/2, 0, −1/2, −2. Linganisha x² na x³. Kwa 2, ya pili ni kubwa (4 na 8). Kwa 1/2, ya kwanza ni kubwa (1/4 na 1/8). Majibu mawili tofauti yameshapatikana, kwa hiyo haijulikani, na hakuna haja ya kuendelea. Lakini swali likikuambia x ni hasi, x² ni chanya na x³ ni hasi siku zote, basi ya kwanza ni kubwa. Tazama pia: safu zote mbili zikiwa namba tupu zisizo na herufi, jibu la "haijulikani" haliwezekani kamwe. Lifute mara moja.

Utoshelevu wa taarifa

Hii ndiyo aina ninayotaka uipe muda zaidi ya nyingine, kwa sababu ikieleweka inakuwa ya haraka kuliko zote. Unapewa swali na taarifa mbili. Kazi yako ni kusema kama taarifa zinatosha kujibu. Jibu lenyewe hulihitaji.

Ipime taarifa ya kwanza peke yake, ukiifunika ya pili kwa mkono kama italazimu. Ikitosha, yamebaki majibu mawili tu: "ya kwanza pekee" au "kila moja peke yake". Isipotosha, hayo mawili yamekufa. Kisha isahau kabisa, upime ya pili peke yake. Ziunganishe tu kama kila moja imeshindwa. Kosa kubwa la watahiniwa ni kubeba habari ya taarifa ya kwanza kichwani wakati wa kuipima ya pili.

Thamani ya x ni ngapi? Taarifa ya kwanza: x² = 16. Ya pili: x ni ndogo kuliko 0. Ya kwanza inatoa 4 au −4, majibu mawili, haitoshi. Ya pili haitoshi. Pamoja ni −4. Jibu ni "zote mbili kwa pamoja", na anayesahau kipeuo hasi huishia kwenye "ya kwanza pekee".

Katika swali la ndiyo au hapana, "hapana" ya uhakika inatosha sawasawa na "ndiyo". Je, x ni kubwa kuliko 10? Ukiambiwa x ni ndogo kuliko 8, umejibiwa: hapana, na taarifa imetosha. Watu wengi huikataa kwa sababu jibu limekuwa hasi.

Mfano mwingine: n ni namba kamili, je, ni shufwa? Ya kwanza: 3n ni shufwa. Kwa kuwa 3 ni witiri, n lazima iwe shufwa, inatosha. Ya pili: n² + n ni shufwa. Hiyo ni kweli kwa kila namba kamili, maana n² + n ni n(n + 1), namba mbili zinazofuatana, na moja kati yake ni shufwa. Haijakuambia kitu. Taarifa iliyo kweli daima haitoshi kamwe.

Angalia pia milinganyo miwili inayoonekana tofauti kumbe ni mmoja: 2x + 3y = 12 na 4x + 6y = 24. Wa pili ni wa kwanza uliozidishwa kwa 2, kwa hiyo x haipatikani. Na kinyume chake: ukiulizwa x + y, taarifa moja ya 3x + 3y = 21 inatosha ingawa x na y zenyewe hazijulikani.

Mada zilizobaki

Kwenye aljebra, makosa yanayorudi ni machache. Ukizidisha au kugawanya kwa namba hasi, geuza alama ya kubwa kuliko. Thamani kamili ifungue kuwa sehemu mbili: |2x − 3| < 7 maana yake −7 < 2x − 3 < 7, hivyo x iko kati ya −2 na 5; alama ikigeuka kuwa >, x iko nje, chini ya −2 au juu ya 5. Vipeo vilete kwenye namba moja ya chini, ile inayopandishwa (hapa ni 2): 4ˣ = 8ˣ⁻¹ inakuwa 2x = 3(x − 1), na x = 3.

Kwenye uwezekano, neno "angalau" likuambie utoe kutoka 1. Mpira 5 nyekundu na 3 bluu, unachukua miwili bila kurudisha: yote nyekundu ni 5/8 × 4/7 = 5/14, kwa hiyo angalau mmoja bluu ni 9/14. Jiulize kila mara kama kilichochukuliwa kinarudishwa. Na kama mpangilio una maana: kuchagua watu 3 kati ya 7 ni njia 35, lakini kuwapa watatu hao vyeo vitatu tofauti ni njia 210.

Wastani wa makundi mawili usiuchukue katikati. Watu 10 wenye wastani wa 70 na watu 30 wenye wastani wa 82 wanatoa (700 + 2,460) ÷ 40 = 79. Kumbuka pia kwamba ukiongeza namba ileile kwa kila thamani, wastani unasogea ila mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi thamani zilivyotawanyika, haubadiliki. Ukizidisha kwa namba chanya, vyote viwili vinazidishwa.

Kwa majedwali na grafu, soma kichwa, vipimo na maelezo ya chini kabla ya swali. Kutoka asilimia 20 hadi 25 ni ongezeko la pointi 5, lakini kama badiliko ni asilimia 25. Swali litataka mojawapo.

Kikokotoo

Kikokotoo cha skrini ni cha msingi tu, cha kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Kukifungua, kubofya namba moja moja na kuhakiki kunaweza kula sekunde 10 hadi 15. Ukifanya hivyo kwa maswali 30, zimekwenda dakika tano hadi saba na nusu, ambazo ni karibu maswali sita. Kitumie kwa mgawanyo wenye desimali na kuzidisha namba za tarakimu mbili au zaidi. Hesabu ndefu ifanye kwa vipande, kila kipande ukikiandika kibaoni. Usiiamini mashine ikupangie nini kianze.

Vilivyobaki viwe kichwani: vipeo vya pili hadi 20, vipeo vya 2 hadi 1,024, √2 kama 1.41 na √3 kama 1.73, na sehemu kwa asilimia: 1/6 ni 16.7, 1/7 ni 14.3, 1/8 ni 12.5, 3/8 ni 37.5, 5/8 ni 62.5, 1/9 ni 11.1, 1/12 ni 8.3. Asilimia 15 ya 240 ni 24 na 12, yaani 36. Dakika 10 kila siku, bila kikokotoo, zinatosha kuyapata haya ndani ya wiki tatu.

Wiki zako nane

Kila siku ya masomo ipe hisabati dakika 60: 10 za hesabu za kichwani, 35 za mada, 15 za kurudia makosa. Wiki ya kwanza na ya pili ziwe za aljebra na maswali ya maelezo. Ya tatu na ya nne, kulinganisha na utoshelevu. Ya tano, uwezekano, takwimu na data. Kuanzia ya sita, mazoezi kamili ya maswali 40 mara mbili kwa wiki kwa utaratibu niliokueleza, baada ya usomaji. Mazoezi rasmi ya ADA yaweke kwa wiki hizi za mwisho, usiyamalize sasa.

Daftari la makosa ndilo litakalopandisha alama. Kwa kila swali ulilokosa, au ulilopata kwa kubahatisha, au lililozidi sekunde 90, andika sababu moja kati ya hizi: sikujua mada, nilisoma vibaya, nilikosea hesabu, nilichagua njia ndefu, nilikawia kuacha. Usiandike "uzembe", neno hilo halikuambii ufanye nini kesho. Lifanye swali upya baada ya siku tatu, tena baada ya siku kumi, bila kuangalia suluhisho. Kila Jumapili hesabu sababu ipi imeongoza, na wiki inayofuata ianzie hapo. Kama "nilisoma vibaya" inaongoza, hakuna sura ya kitabu itakayokusaidia. Inakubidi urudi kwenye kuandika kinachotafutwa na kipimo chake.

Kuhusu kuahirisha, usiamue leo. Amua mwishoni mwa wiki ya sita, ukiwa na mazoezi mawili kamili yaliyofanywa baada ya usomaji. Kama umeyafikia maswali yote 40 mara zote mbili, na makosa mengi ni ya kusoma au ya hesabu, baki na tarehe yako. Hayo yanapungua kwa mazoezi ya wiki mbili. Kama bado kuna maswali zaidi ya matano usiyoyafikia, au "sikujua mada" ndiyo inaongoza daftari, sogeza mbele kwa mwezi mmoja, na ulifanye mara tu unapoona matokeo hayo, kwa sababu ada ya kubadilisha huongezeka kadiri siku ya mtihani inavyokaribia.